Zawadi Haikaguliwi Miguu

Kijiji cha Bukiriro kilikwisha kukubaliana kwamba Bizimana ana wazimu, ila ni wazimu wa adabu, ule usiorusha mawe. Hebu mtazame: mwanamume mzima, mvi zimeshapiga hodi kidevuni, ana mke na binti aliyekwisha kuvunja ungo, anatoka kwake Jumapili mchana jua likiwaka, amevaa koti zito la mtumba na fimbo ya kuchungia mkononi, anatembea polepole kama bwana harusi aliyeazima viatu. Nyuma yake anakuja mkewe, Nimpaye, na kapu kichwani. Ndani ya kapu kuna sungura. Wakifika kwa jirani Bizimana hakai hata akipewa kiti. Anasimama uani, anasafisha koo, anaegemea fimbo, halafu anamwaga maneno marefu ya kukabidhi ng'ombe: ukoo wake, mama yake, maziwa yake, na jinsi mvua ilivyonyesha siku aliyozaliwa.

Maziwa. Ya sungura.

Watoto walikuwa wakijibanza nyuma ya migomba wakijiziba midomo. Wakubwa nao walicheka, ila kwa heshima, baada ya yeye kuondoka.

Kwao Burundi, upande wa pili wa mpaka, Bizimana alikuwa na ng'ombe wa kweli, wale wenye pembe zinazoingia mlangoni kabla ya mwenyewe. Na hakuwa mtu wa kuwa nao tu, alikuwa mtu wa kugaba, kuwatoa zawadi. Huko mtu hakupimwa kwa ng'ombe alionao zizini bali kwa wale aliowatoa. Unamgabia mtu mtamba, akizaa, mtu huyo anakuletea ndama jike na maneno mazuri. Huko ndiko kunaitwa kwitura, kurudisha shukrani. Kuanzia siku hiyo ninyi si majirani tena, mmekuwa ndugu, na undugu wenu una nguvu kuliko ule wa damu, kwa sababu wa damu hamkuulizana.

Jambo hilo lina miiko yake. Zawadi haikataliwi, na zawadi haikaguliwi. Humfunui meno, humshiki chuchu, humnyanyui kwato mwenyewe akiwa amesimama hapo. Na ndama wa shukrani hulala siku hiyohiyo zizini pamoja na wenzake. Ukimfunga pembeni umemwambia mwenzako kwamba wewe na kitu chako siwaamini.

Oktoba ya tisini na tatu, nchi ilipowaka, ng'ombe walibaki, Bizimana akavuka. Alivuka na Nimpaye, na binti yao Iradukunda, na ile fimbo. Kuiacha alishindwa. Nimpaye, ambaye ulimi wake ulivuka mpaka bila kukwaruzwa, aliitazama siku ile walipoketi kupumzika upande wa Tanzania akasema fimbo isiyo na ng'ombe ni kuni ambayo haijajijua.

Kambini kwa wakimbizi wenzao hawakwenda. Walimkuta Novatus, Mhangaza wa palepale mwenye migomba mingi na huruma ya kiasi, akawakatia kipande cha ardhi pembeni mwa shamba lake wajenge kibanda na walime. Mwenyekiti wa kijiji alipokuja kuuliza wale ni nani, Novatus alijibu, "Huyu ni mtu wangu." Basi. Hati nyingine ya kuishi Bukiriro Bizimana hakuwa nayo, wala hakuitafuta. Maneno yale ya Novatus ndiyo yalikuwa paa lake, ukuta wake na kitambulisho chake, na alijua kuwa siku yakirudishwa mdomoni yalikotoka, yeye atabaki nje.

Deni la namna hiyo linamnyima usingizi mtu aliyezoea kugaba. Kupokea alikuwa hajafundishwa. Kwa miaka mitatu alilima, akapunguza majani ya migomba ya Novatus bila kuombwa, akamsaidia kukamua rubisi, pombe ya ndizi, na bado alijiona kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mwenzake.

Sungura walimjia Desemba ya tisini na sita, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakirudishwa kwao na barabara imejaa watu na magodoro kuliko nchi ilivyojaa miti. Katika mkondo ule alikuwamo bwana mmoja, Hategekimana, waliyefahamiana sokoni kambini. Alikatiza kwa Bizimana na kapu, akasema hawezi kubeba sungura na mtoto, na mtoto mama yake amekataa aachwe. Akacheka peke yake, akaliweka kapu chini, akarudi barabarani. Ndani mlikuwa na jike na dume. Bizimana aliwatazama kitambo. Walikuwa na rangi ya udongo mwekundu, kama ng'ombe wake mpenzi, Gaju.

Ndipo wazimu ulipoanza.

Sungura hana makuu. Anakula majani ya viazi, anazaa kama aliyetumwa, na mwezi hata haujachakaa tayari kichanga kinatafuna. Wa kwanza kugabiwa alikuwa Novatus. Siku ile Novatus alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Lakini Wahangaza nao ng'ombe wanawajua, na kugabiana wanakujua, na katikati ya kicheko Novatus alimwangalia Bizimana usoni akaona kwamba mwenzake hatanii. Akaiachia nguzo. Akampokea sungura kwa mikono miwili, akamwita mkewe Anjelika alete kibuyu cha rubisi na mirija, wakanywa wote kutoka kibuyu kimoja.

Baada ya hapo ikawa mtindo. Wale waliobaki kambini, Warundi, walikuwa wamechoshwa na mahindi na maharage ya mgao, na sungura wa kuchoma akawa na heshima yake sokoni. Kijiji kizima kikataka mbegu. Bizimana hakuuza mbegu, aligaba. Alitoka na koti, na kapu, na hotuba, nyumba hadi nyumba, na kwitura ikaanza kurudi. Waliokuwa wakimcheka sasa walikuwa wakimwamkia kutoka mbali. Wakamwita mwenye ng'ombe wa masikio, mzaha ambao ulikuwa unakaribia kuwa cheo. Nimpaye alisema mumewe ameota kitambi cha heshima, chakula hakimo.

Mzee Novatus peke yake ndiye hakuwa amerudisha. Jike lake lilikula watoto wa uzao wa kwanza, na uzao wa pili ukaliwa na siafu. Bizimana hakudai. Kwitura haidaiwi, inangojewa.

Bwana mifugo wa eneo lile alikuwa Luhende, kijana wa Kisukuma mwenye pikipiki inayokohoa kuliko mwenyewe. Siku moja alikuja kwa ajili ya mbuzi wa Novatus, akaona vizimba vya Bizimana vimepangwa kama nyumba za walimu, akasogea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana mifugo."

Luhende alisifu, kisha akafanya kitu ambacho Bizimana hakukisahau. Alimtoa jike mmoja, akamgeuza chali, akamkunjua miguu ya mbele na kuiangalia kwa ndani. Bizimana akajisikia kama mtu aliyefunuliwa mfuko mbele za watu. Luhende akaeleza. Sungura ana mafua yake, si haya ya baridi, ni ya bakteria. Akiyapata anapiga chafya na kamasi nyeupe inamtoka, na kwa vile sungura hana leso, anapangusa pua kwa mikono. Kwa hiyo pua inaweza kukudanganya, imetoka kupanguswa, ila manyoya ya ndani ya miguu ya mbele hayadanganyi, utayakuta yameshikana na kukauka kama yamepakwa uji. Mgeni yeyote, alisema Luhende, akae mbali na wenzake wiki kadhaa, na dume lisitembezwe ovyo. Ugonjwa ukiingia bandani hautoki. Atakayepona utamwona mzima, kumbe anaubebea wenzake.

Bizimana alisikia kila neno. Hili lieleweke, kwa sababu baadaye wengi walisema hakuelewa, Mrundi wa watu, Kiswahili chake cha kuokota. Alielewa vizuri kabisa. Aliuliza hata swali: na kama mgeni ni zawadi? Luhende akacheka, akasema bakteria hawajui sherehe, akawasha pikipiki.

Mwishoni mwa tisini na saba likaja tangazo. Mkimbizi yeyote anayeishi vijijini aingie kambini. Magari yalikuwa yamekwisha kuanza kuzoa watu kata za jirani, Kibimba na Nyakisasa, na kuna waliozolewa wameishi huko tangu sabini na mbili, wana wajukuu wasiojua neno la Kirundi. Mwenyekiti wa Bukiriro, aliyependa kuonekana ana busara, alisema kwake hakuna kukurupuka. Utaitwa mkutano. Mwenye mwenyeji wa kumsimamia, mwenyeji asimame aseme, naye ataandika kwamba huyo ni mwanakijiji. Asiye na mtu apande gari.

Bizimana hakuhangaika. Mtu alikuwa naye.

Wiki ile kabla ya mkutano, Novatus alikuja kurudisha.

Alikuja kama inavyopaswa, na hilo ndilo lililomponza Bizimana. Angekuja kama jirani, na sungura kwapani, labda mambo yangekuwa mengine. Alikuja amevaa koti. Alishika fimbo iliyochongwa asubuhi ileile, gome bado bichi. Anjelika alikuwa nyuma na kapu jipya. Akasimama katikati ya ua, akasafisha koo, akaanza hotuba, akiigiza mapozi yote ya Bizimana mpaka lile la kutazama mbinguni. Alieleza jinsi alivyohangaika: jike kula watoto, siafu, mpaka akaenda mnadani Biharamulo akapata dume jeupe, kubwa kama mbuzi mchanga, na sasa uzao umekubali. Bizimana alisimama mbele yake akisikiliza. Tangu avuke mpaka hajapata kusemeshwa namna ile. Alikuwa ametambuliwa na mtu mwenye ardhi, mchana, mbele ya wake zao.

Anjelika akafunua kapu. Jike jeupe, jeupe kama kanzu ya kipaimara. Likapiga chafya.

Kila mtu aliisikia. Hotuba ikakatika.

"Vumbi," akasema Novatus. "Vumbi la magari yenu haya ya wakimbizi. Hata mimi napiga chafya."

Wakacheka, na ni kweli, vumbi la malori ya mgao lilikuwa limepaka rangi migomba yote ya kando ya barabara, na kijiji kizima kilikuwa kinakohoa. Jike likapiga chafya tena, kisha likainua mikono yote miwili likajipangusa pua, taratibu, kama mama mtu mzima kanisani. Nimpaye alimtazama mumewe. Bizimana alikuwa tayari ameiona ile mikono. Ilikuwa ni kumgeuza tu. Kumgeuza chali, kukunjua mguu, kutazama. Novatus amesimama mbele yake na fimbo yake mbichi, anangoja.

Bizimana alimpokea kwa mikono miwili. Akamsifu masikio, akamsifu kiuno, akampa jina la Gaju, ingawa Gaju alikuwa mwekundu. Wakanywa rubisi.

Wageni walipoondoka Nimpaye hakungoja vumbi litue.

"Baba Iradukunda, huyo mweke huko jikoni, umfunike na kapu. Asiingie kwa wenzake."

"Novatus atapita kesho kumwona."

"Akija tutamtoa."

"Hapigi hodi, mama. Shamba ni lake. Atamkuta jikoni chini ya kapu kama mwizi, aniulize mtoto wangu amekosa nini."

"Mwambie ana mafua. Luhende si alisema?"

"Nimwambie zawadi yake inaumwa. Wiki ya mkutano."

Nimpaye akalisukuma kapu tupu kwa mguu. Halafu akasema watakufa wote.

"Sungura wakifa nitapata wengine," Bizimana akasema. "Novatus akininunia, Novatus mwingine nitampata wapi?"

Akaenda akafungua kizimba kikubwa, kile chenye majike yanayonyonyesha, akamwingiza Gaju wa pili katikati yao. Kesho yake Novatus alipita, akachungulia, akamwona amebanwa na ndugu zake wapya pande zote, akatabasamu, akaondoka akipiga mluzi.

Mkutano nao ukaahirishwa. Mwenyekiti alikuwa na msiba Biharamulo. Wangefanya mkutano wiki ile, hadithi hii isingekuwa na kichwa wala miguu. Lakini viongozi nao wana ndugu wa kuzika.

Chafya zilianza kizimba kikubwa, zikaruka kizimba cha pili. Mwanzoni ziliweza kuhesabiwa kuwa vumbi. Halafu kamasi zikaja nzito, nyeupe, na macho yakaanza kutoka matongo. Jike mmoja aliamka asubuhi kichwa kimelala begani, kimeng'ang'ania upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukutani, na akitaka kutembea anazunguka palepale mpaka anaanguka. Mwingine akavimba jipu chini ya taya. Wachanga walikufa kimyakimya, tumbo likiwa na maziwa. Bizimana alikuwa akiwatoa alfajiri kabla majirani hawajapita. Alianza kuvaa koti siku za kazi, apate mahali pa kuwaficha.

Na kibaya zaidi, dume lake, lile la Hategekimana, lilikuwa limekwisha kutembea. Kijiji kilikuwa na desturi ya kuliazima. Asubuhi kwa huyu, jioni kwa yule, na kila mahali linapokelewa kama padre. Siku zile za kwanza, kabla dume halijaonyesha dalili, watu walikuja kuliomba, na Bizimana alijua kwamba limelala ukuta mmoja na wanaopiga chafya. Angesema halitoki, angeulizwa kwa nini. Likatoka.

Akaenda kambini kutafuta dawa. Sokoni kambini hapakukosekana kitu, hata vidonge vya hospitali vilipata miguu usiku na kuja mezani asubuhi. Alipata vile vya rangi mbili, ambavyo binadamu akiumwa chochote, kuanzia kidonda hadi kifua, humeza. Alivifungua, akachanganya unga wake na uji wa pumba, akawalisha wote, wagonjwa na wazima. Waliokuwa na mafua wakaongezewa kuhara. Waliokuwa hawana kitu wakapata kuhara kwa bure. Walikauka mgongo mpaka unaweza kuwahesabu mifupa kwa macho, na katika wiki ile walikufa wengi kuliko mafua yenyewe yalivyoua.

Luhende alipofika alisimama mbele ya vizimba akavua kofia, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mbuzi. Akasema vidonge vile ukimpa sungura kwa mdomo unaua vijidudu vyema vya tumboni, vinavyomsagia majani, na bila hivyo majani yanageuka sumu. Kuna sindano, akasema, lakini sindano itaficha tu, chafya itanyamaza na ugonjwa utabaki. Chinja wote. Wenye usaha wazike, usile, usiuze. Choma vizimba. Kaa miezi, anza upya na mbegu ya mbali.

"Mzee, ulileta mgeni?"

Bizimana aliangalia migomba ya Novatus.

"Upepo tu, bwana mifugo."

Luhende alimtazama muda mrefu. Alikuwa kijana lakini si mjinga. Lakini alikuwa anangojwa kuchanja ng'ombe Biharamulo, ng'ombe wa kweli, akaondoka.

Huko kwa Novatus mambo hayakuwa tofauti. Lile dume jeupe la mnadani lilikuwa na afya kama mbunge, halikosi hamu ya kula, linapiga chafya moja moja tu. Waliokuwa wanakufa ni wale linaowapanda. Anjelika alikuwa akiwazika chini ya migomba, na Nimpaye alimwona. Wanawake wale wawili walitazamana juu ya jembe. Anjelika akasema tu, "Mwaka mbaya, dada," akaendelea kufukia.

Kwa hiyo Novatus na mkewe walijua. Mtu mzima haziki uzao mzima wa sungura shambani halafu asijue kilichotoka kwake kilikuwa nini.

Mkutano ulifanyika hatimaye, chini ya bati la ofisi ya kijiji, na mabaki ya sungura yakaja nayo. Kuna mama alileta jike lake lenye kichwa upande kwenye beseni, akaliweka mbele ya mwenyekiti kama ushahidi wa mauaji. Likazungukazunguka ndani ya beseni. Kuna waliocheka, wakanyamazishwa. Nyumba hadi nyumba, alizozipita Bizimana na koti lake, ugonjwa ulikuwa umepita njia ileile. Mtu mmoja akasema wakimbizi wamemaliza miti, wamemaliza maji, sasa wamemaliza na sungura. Hakuna aliyemkumbusha sungura walitoka kwa nani.

Majina ya wageni yakaanza kuitwa. Mwenye mwenyeji, mwenyeji alisimama. Lilipoitwa la Bizimana, mwenyekiti hakuuliza nani anamsimamia. Aliuliza kwanza, kwa sauti ya mtu anayetaka haki ionekane, "Mzee Bizimana, ugonjwa huu umetoka wapi?"

Bizimana alisimama. Alimtafuta Novatus kwa macho, akampata benchi la tatu, amevua kofia anaichunguza mshono. Ilikuwa rahisi sana. Angesema: umetoka Biharamulo, ukapitia benchi la tatu. Mke wa mwenye benchi anaweza kuonyesha makaburi. Na ingekuwa kweli, na ingekuwa pia kwamba amesimama hadharani akaikagua zawadi ya mtu, akaigeuza chali kijiji kizima kikitazama. Mtu wa namna hiyo, ni nani angemwita mtu wangu?

"Umetoka bandani kwangu," akasema.

Watu wakaguna. Nimpaye, upande wa wanawake, alijifunika uso kwa khanga. Bizimana alibaki amesimama, mgongo umenyooka, kwa sababu aliona kwamba amempa Novatus kitu kikubwa kuliko sungura yeyote aliyewahi kumtoa kapuni. Sasa alikuwa anangoja kurudishiwa. Kwitura haidaiwi.

"Novatus," mwenyekiti akaita. "Huyu ni wako?"

Novatus alisimama nusu. Alikuwa na majirani kulia na kushoto, kila mmoja na banda lake tupu, na kumtetea mwenye ugonjwa ni kuulizwa wewe unaujuaje. Akageuza kofia mara nyingine.

"Mimi nilimpa sehemu ya kulima tu," akasema. "Mambo ya sungura ni yake."

Akakaa.

Gari lilikuja siku mbili baadaye. Bizimana alikuwa ameshachinja waliobaki na kuchoma vizimba, kama alivyoagizwa, na moshi wake ulikuwa bado unazagaa walipopanda. Lori lilipoondoka liliamsha vumbi lililofunika migomba ya Novatus yote, na Nimpaye akasema angalau leo mtu akipiga chafya, ni vumbi kweli.

Kambini fimbo ilipata kazi. Iliwekwa katikati ya kibanda kushikilia turubai, na ilishikilia vizuri. Bizimana hakuvaa tena koti, alilala nalo. Alikuwa mtu wa mgao sasa, anapanga foleni, anapokea bakuli, anasema asante. Alijifunza kupokea. Sungura waliokuwa wakiuzwa sokoni aliwapita kama mtu anayewapita wanaomdai.

Mvua za masika zilikuwa zimekwisha siku Novatus alipokuja. Walimwona kutoka mbali kati ya mahema, amevaa koti, na nyuma yake Anjelika na kapu. Watoto wa kambi walikuwa wanawafuata. Iradukunda aliingia ndani asimwamkie. Novatus alifika mbele ya kibanda, akasimama. Fimbo hakuwa nayo. Hotuba alikuwa nayo, lakini haikwenda mbali. Alisema alichoma vizimba. Alisema alikaa miezi kama Luhende alivyoelekeza, akapata mbegu nyingine, ya mbali. Alisema huyu ni wa kwanza, hajampa mtu mwingine. Kisha akakwama, akamtazama Anjelika, naye akafunua kapu.

Jike, rangi ya udongo mwekundu. Mnene, manyoya yanang'aa.

Bizimana alinyoosha mikono miwili akampokea. Halafu, Novatus amesimama mbele yake, akamgeuza chali. Hakufanya haraka. Alimkunjua mguu wa kulia wa mbele akatazama ndani, akapitisha kidole gumba kinyume cha manyoya. Akamkunjua wa kushoto. Akambonyeza pua. Akainamisha sikio kifuani kwake akasikiliza. Watoto walisogea karibu bila kujua kwa nini. Anjelika alitazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenyewe wanavaa.

Miguu ilikuwa mikavu, safi, laini kama pamba.

"Mzima," akasema Bizimana.

Uso wa Novatus ulikuwa umezeeka ghafla.

"Mama Iradukunda," Bizimana akaita, akamshika sungura miguu ya nyuma, kichwa chini, kama anavyoshikwa sungura wa sokoni. "Bandika maji. Tuna wageni."

Waliketi nje juu ya makopo ya mafuta ya mgao, wanaume wawili, wakazungumza habari za mvua. Nimpaye alikuwa nyuma ya turubai na kisu. Baada ya muda alimwita mumewe. Bizimana akaenda. Nimpaye alimwonyesha sinia. Pembeni mwa utumbo vilikuwa vimelala vichanga, havijaota manyoya, vimejipanga kimoja baada ya kingine kama njugu kwenye ganda. Novatus hakumletea jike. Alimletea banda zima.

Bizimana alivitazama.

"Usimwambie," akasema.

Lakini Novatus ndiye aliyempandisha jike lile mwenyewe, akahesabu majuma, akachagua siku ya kuja. Hakukuwa na la kumwambia. Nyama ilipoiva walimpa ini na paja, sehemu ya mgeni, katika bakuli la mgao. Alitafuna polepole sana, macho chini, mpaka akamaliza, akapangusa vidole.

"Nyama ni nzuri," akasema.

"Ni yako," Bizimana akajibu, akamwongezea mchuzi.